Jinsi ya Kuchagua Programu ya Kurekodi Gemu kwenye Kompyuta

Anayeuliza ni programu gani inayofaa kurekodi gemu kwa kawaida hutajiwa jina moja, akaipakua, akarekodi mechi yake ya kwanza, na anapoitazama video anakuta picha inakwamakwama, sauti ya gemu haipo, na anakumbuka kwamba hata alipokuwa akicheza kompyuta ilikuwa nzito kuliko kawaida. Huifuta programu hiyo na kutafuta jina jingine. Mara nyingi kosa halikuwa la programu. Iliwekwa kwenye kompyuta isiyoimudu, au ilipewa kazi ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na lengo lako, unaendelea na kompyuta uliyo nayo, na majina ya programu yanafuata baada ya hapo.

Inafaa kwanza kuelewa kwa nini kurekodi kunailemea kompyuta. Picha moja ya skrini yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na kila nukta huhitaji baiti 3 za rangi. Gemu inapokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 kila sekunde, hizo ni takriban megabaiti 373 kila sekunde, kiasi cha kujaza CD moja kabla sekunde 2 hazijatimia. Diski nyingi za kawaida haziwezi kuvumilia mzigo huo kwa saa nzima, na ndiyo maana kila programu ya kurekodi ina kazi mbili: kuichukua picha kutoka kwenye gemu, na kuibana papo hapo kabla ya kuihifadhi. Kubana ndiko kunakochosha kompyuta. Tofauti kubwa kati ya programu moja na nyingine, na kati ya mpangilio mmoja na mwingine ndani ya programu ileile, ni kipande gani cha kompyuta kinachobebeshwa kazi hiyo.

Hatua ya 1: Amua video ni ya nini

Mtu anayetaka kuhifadhi goli alilofunga katika EA Sports FC hana haja ya kurekodi mechi nzima. Anachohitaji ni programu inayorekodi kimyakimya muda wote na kutupa yaliyopita, ili akibonyeza vitufe baada ya tukio ihifadhi sekunde 30 au dakika chache zilizotangulia. Mtu anayeandaa masomo ya Minecraft kwa ajili ya YouTube anahitaji kurekodi kwa muda mrefu, sauti yake ikiwa imetengwa na sauti ya gemu, na pengine sura yake pembeni ya skrini. Anayecheza Counter-Strike 2 kwa ushindani na kutazama makosa yake baadaye anaweza kukubali picha ya ubora wa wastani, mradi gemu isipoteze hata fremu chache. Andika lengo lako kwa sentensi moja kabla ya kupakua chochote.

Hatua ya 2: Ijue kompyuta yako

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu iitwayo Performance, kisha uandike jina la prosesa, kiasi cha RAM, aina ya diski, na jina la kadi ya grafiki, yaani sehemu inayochora picha za gemu. Ukiona majina mawili ya kadi ya grafiki, yaandike yote.

Ndani ya kadi nyingi za grafiki mna kipande maalumu kilichotengenezwa kwa kazi moja tu ya kubana video, ambacho hujulikana kama enkoda. Kwa Intel kinaitwa Quick Sync na kimekuwapo katika prosesa zenye grafiki za ndani tangu mwaka 2011. Kwa Nvidia kinaitwa NVENC, nacho kilianza na kizazi cha GeForce GTX 600 cha mwaka 2012. AMD nao wana chao. Enkoda hiyo ikitumika, prosesa hubaki huru kuihudumia gemu, na mchezaji hupoteza fremu chache sana. Isipokuwapo, au programu isipoitumia, kazi yote huangukia prosesa kupitia njia iitwayo x264, ambayo hutoa picha nzuri lakini hula nguvu ileile ambayo gemu inaihitaji.

Kwa mwenye laptopu ya ofisini iliyotumika, aina ambayo wengi wetu tumeanza nayo, hii ni habari njema: hata kama kompyuta haina kadi ya grafiki ya pekee, grafiki za Intel zilizomo zinaweza kubeba kazi ya kurekodi gemu nyepesi. Lakini kuna mitego ya kuangalia kwa makini kabla ya kununua. Prosesa za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F, kama Core i5-12400F, hazina grafiki za ndani, na kwa hiyo hazina Quick Sync. Kadi ya Nvidia GT 1030, inayopendwa kwa bei yake, haina NVENC. Vivyo hivyo, Radeon RX 6400 na RX 6500 XT za AMD haziwezi kubana video ingawa zinacheza gemu vizuri. Nimeona vijana wakijichangisha fedha kwa ajili ya kadi kama hizo kwa nia hasa ya kuanzisha chaneli ya gemu, na inaniuma kila mara, kwa kuwa kusoma mstari mmoja wa maelezo ya kadi kungewaokoa.

Diski nayo ina hesabu zake, na hesabu hiyo ni rahisi: chukua kasi ya biti kwa sekunde, gawanya kwa 8 upate baiti. Video ya megabiti 20 kwa sekunde hula megabaiti 2.5 kila sekunde, yaani megabaiti 150 kwa dakika, au gigabaiti 9 kwa saa. Ukiinua hadi megabiti 50, saa moja hufika gigabaiti 22.5. Ikiwa una diski mbili, gemu iwe kwenye moja na rekodi iende kwenye nyingine. Na ukitumia diski ya nje au flashi, hakikisha haikuumbizwa kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu mfumo huo haukubali faili moja izidi gigabaiti 4. Kwa megabiti 20, kikomo hicho hufikiwa kabla ya nusu saa kuisha.

Hatua ya 3: Jaribu kwanza kilichokuja na kompyuta

Windows 10 na Windows 11 zina Xbox Game Bar, inayofunguka kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na G. Kitufe cha Windows, Alt na R huanza na kusimamisha kurekodi, na kitufe cha Windows, Alt na G huhifadhi sekunde 30 zilizopita ikiwa umewasha kurekodi kwa nyuma, yaani kule kurekodi kimyakimya wakati unacheza. Hutumia enkoda ya kadi ya grafiki, huhifadhi faili ya MP4, na haihitaji maarifa yoyote. Mipaka yake ni kwamba hurekodi dirisha la gemu au programu moja tu, haikubali kurekodi skrini ya mwanzo ya kompyuta (desktop) wala kidirisha cha mafaili, na haikupi uhuru mkubwa juu ya ubora wa picha. Kwa anayeanza, na kwa lengo la kuhifadhi matukio mafupi, nashauri aitumie wiki nzima kabla ya kutafuta kingine.

Mwenye kadi ya GeForce ana nafasi bora zaidi. Nvidia walileta ShadowPlay mwaka 2013, na sasa kazi hiyo imo ndani ya Nvidia App. Alt na Z hufungua paneli yake, Alt na F9 huanza kurekodi, na Alt na F10 huhifadhi dakika zilizopita kwa muda uliouchagua mwenyewe. Mzigo wake kwa gemu ni mdogo sana, na kwa mtu anayecheza kwa ushindani sijaona sababu ya kumtoa hapo. Wenye Radeon wana kifaa cha kazi hiyohiyo ndani ya programu ya AMD Adrenalin, kilicholetwa mwishoni mwa mwaka 2016 kwa jina la ReLive.

Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, nayo tangu Novemba 2024 ina kirekodi chake cha ndani kinachoweza kufanya kazi kwa nyuma na kuweka alama kwenye mstari wa muda, ili uweze kurudi kwenye tukio bila kutafuta ndani ya saa mbili za video. Kwenye Mac, vitufe vya Shift, Command na 5 hufungua kirekodi cha skrini kilichokuja na macOS Mojave ya mwaka 2018, kinachotosha kwa maelezo mafupi lakini hakikutengenezwa kwa ajili ya gemu.

Hatua ya 4: Pima kama unahitaji OBS Studio

OBS Studio ni programu huria, ya bure kabisa, isiyoweka nembo kwenye video wala kikomo cha muda, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kwa mtu anayetaka kuchanganya gemu, kamera, maandishi na sauti kadhaa, au anayekusudia kurusha matangazo mbashara siku za usoni, hakuna programu ya bure ninayoiweka juu yake. Gharama yake ni muda wa kujifunza, kwa sababu ukiifungua mara ya kwanza skrini yake ni tupu na nyeusi, na ni wewe unayeiambia ichukue nini.

Toleo la 28 la mwaka 2022 liliacha kuunga mkono Windows 7, Windows 8 na mifumo ya biti 32, kwa hiyo mwenye kompyuta ya zamani sana aangalie hilo kwanza. Baada ya kusakinisha, ongeza chanzo kiitwacho Game Capture, ambacho huchukua picha moja kwa moja kutoka kwenye gemu na kuacha nje kila kitu kingine. Chanzo kiitwacho Display Capture huchukua skrini nzima, pamoja na ujumbe wa WhatsApp utakaojitokeza katikati ya mechi na nenosiri utakaloliandika kwa kujisahau, kwa hiyo kitumie pale tu ambapo cha kwanza kimeshindikana.

Kwenye laptopu zenye kadi mbili za grafiki, wengi hukuta picha nyeusi na kukata tamaa. Sababu ni kwamba OBS inaendeshwa na kadi moja na gemu na nyingine. Fungua mipangilio ya Windows, nenda System, kisha Display, kisha Graphics, uongeze OBS kwenye orodha na uichagulie kadi ya nguvu kubwa ikiwa unanasa gemu, au ile ya kuokoa umeme ikiwa unanasa skrini nzima. Anza upya OBS na picha itaonekana.

Katika sehemu ya Output, chagua enkoda ya kadi yako badala ya x264. Kwa faili za kuhifadhi kwenye diski, mpangilio wenye ubora thabiti ni bora kuliko kasi ya biti isiyobadilika, kwa kuwa hutumia biti nyingi pale picha inapochemka na chache pale mchezaji anapokaa kwenye menyu. Katika hali rahisi ya OBS mpangilio huo ni ule ulioandikwa High Quality, Medium File Size. Usichague ule usiopoteza chochote kwa kudhani ndio bora. Faili zake ni kubwa mno na kompyuta nyingi hushindwa hata kuzicheza.

Hatua ya 5: Ikiwa unafikiria kulipia

Ziko programu za kulipia zilizotengenezwa kwa uangalifu, kama Bandicam na Action! ya Mirillis, na mtu anayependa kila kitu kiwe tayari bila kuhangaika na mipangilio anaweza kuridhika nazo. Toleo la bure la Bandicam huweka nembo juu ya picha na husimama baada ya dakika 10, jambo linalotosha kwa majaribio lakini halitoshi kwa kazi. Fraps, ambayo wachezaji wa zamani bado huitaja kwa mapenzi, haijapata toleo jipya tangu mwaka 2013, nayo hutoa faili kubwa sana; siishauri kwa yeyote leo. Kabla ya kulipa, jiulize ni kitu gani hasa unachonunua ambacho hatua ya 3 na ya 4 hazikukupa.

Usipakue nakala ya programu ya kulipia iliyovunjwa ufunguo ili itumike bila malipo. Programu ya kurekodi hupewa ruhusa ya kuona skrini yako yote na kusikia maikrofoni yako, na hakuna mlango mpana kuliko huo kwa anayetaka kukuibia. Hata programu za bure zina hatari hiyo: mwanzoni mwa mwaka 2023 yalionekana matangazo ya bandia kwenye matokeo ya utafutaji yaliyojifanya OBS na kuwapa watu virusi vya kuiba nywila. Andika mwenyewe anwani ya tovuti rasmi, obsproject.com, badala ya kubofya tokeo la kwanza.

Hatua ya 6: Linda faili dhidi ya kukatika kwa umeme

Miaka kadhaa iliyopita nilirekodi mechi ndefu kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme. Tulipofika kama dakika ya 50, umeme ulikatika. Uliporudi, faili ilikuwapo, yenye gigabaiti kadhaa, na haikufunguka kwa programu yoyote niliyoijaribu. Tatizo lilikuwa aina ya faili. MP4 ya kawaida huandika fahirisi yake mwishoni, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Bila fahirisi hiyo, kichezeshi hakijui picha inaanzia wapi wala sauti iko wapi. Faili ya MKV hujengwa kwa namna inayoiwezesha kusomeka hadi pale ilipokatikia.

Kwa hiyo, mtu anayeishi mahali ambapo umeme si wa uhakika aipe sifa hii uzito mkubwa anapochagua programu. OBS hukuruhusu kurekodi kwa MKV na kuigeuza kuwa MP4 baadaye kupitia menyu ya File, kwenye chaguo la Remux Recordings, kazi inayochukua sekunde chache kwa sababu picha haibanwi upya. Kuanzia toleo la 30.2 la mwaka 2024 kuna pia MP4 mseto, inayostahimili kukatika huku ikibaki MP4. Ikiwa programu unayoipenda hutoa MP4 ya kawaida pekee na huna laptopu yenye betri nzima wala UPS, rekodi vipande vifupi vya dakika 10 au 15, ili umeme ukikatika upoteze kipande kimoja tu.

Hatua ya 7: Tenga sauti

Mtazamaji huvumilia picha ya wastani, lakini sauti mbaya humfukuza. Chagua programu inayoweza kuweka sauti ya gemu kwenye njia moja, maikrofoni yako kwenye ya pili, na sauti za wenzako unaozungumza nao kupitia programu ya Discord kwenye ya tatu. OBS ina njia 6 za aina hiyo, na kwenye Windows mpya inaweza kuchukua sauti ya programu moja moja. Ukigundua baadaye kwamba jogoo wa jirani amewika juu ya maelezo yako, utaishusha maikrofoni bila kuigusa gemu. Waombe ruhusa wenzako kabla ya kurekodi sauti zao. Angalia pia muziki uliomo ndani ya gemu, maana baadhi ya nyimbo zina haki miliki na YouTube inaweza kuizuia video. Gemu kama Cyberpunk 2077 zina mpangilio wa kuziondoa nyimbo hizo.

Hatua ya 8: Fanya jaribio la dakika 10

Usiiamini programu yoyote kabla ya jaribio hili. Chagua sehemu ya gemu yenye vurugu nyingi, si menyu wala uwanja mtupu, ucheze dakika 10 bila kurekodi huku ukiangalia idadi ya fremu kwa sekunde, kisha ucheze dakika 10 sehemu ileile ukirekodi. Linganisha fremu, kisha itazame video yote hadi mwisho ukiwa umevaa hedifoni, uangalie kama sauti inakwenda pamoja na picha hata katika dakika ya 10, kwa kuwa kutengana kwa sauti na picha mara nyingi huanza taratibu.

Anayetumia OBS afungue dirisha la Stats wakati wa jaribio. Fremu zilizopotea kwa sababu ya uchoraji zina maana kwamba kadi ya grafiki imeelemewa na gemu yenyewe, na dawa yake ni kuiwekea gemu kikomo cha fremu, kwa mfano 60, au kushusha ubora wa vivuli na mwanga. Kuiendesha OBS kama msimamizi wa kompyuta husaidia pia, kwa sababu Windows huipa nafasi yake kwenye kadi. Fremu zilizorukwa kwa sababu ya kubana zina maana kwamba enkoda ndiyo iliyochoka. Hapo toka x264 uende kwenye enkoda ya kadi, na ikiwa tayari uko huko, shusha video hadi nukta 1280 kwa 720, kisha, ikibidi, hadi fremu 30.

Kushuka hivyo si hasara kubwa kama wengi wanavyodhani, hasa ukifikiria bando la kupakia. YouTube hupendekeza megabiti 12 kwa sekunde kwa video ya 1080 yenye fremu 60, na megabiti 5 kwa video ya 720 yenye fremu 30. Video ya dakika 10 itakuwa takriban megabaiti 900 kwa kiwango cha kwanza na 375 kwa cha pili. Kwa masomo ya gemu yenye mwendo wa polepole, mtazamaji anayetumia simu ataona tofauti ndogo tu. Kwa mechi za kasi, nashauri kulinda fremu 60 na kushusha ukubwa wa picha, kwa kuwa mwendo laini ndio unaomwonyesha mtazamaji ustadi wa mchezaji.

Programu ikifaulu jaribio hilo kwenye kompyuta yako, kwa lengo uliloliandika katika hatua ya 1, ndiyo programu yako, hata kama si ile inayosifiwa na watu wengi. Andika mipangilio yake kwenye karatasi, na usisasishe programu wala draiva za kadi (programu zinazoiendesha kadi ya grafiki) siku ambayo una mechi muhimu ya kurekodi. Fanya hivyo siku yenye nafasi, kisha urudie dakika zile 10.